Mafuta ya alizeti kwenye msumeno na kwenye injini

SWALI: Ndugu Mtaalamu, ninapasua mbao hapa Mafinga kwa msumeno wa mnyororo, na pia nina mashine ya kusaga nafaka inayoendeshwa kwa injini ya dizeli. Wengi wetu hulainisha mnyororo wa msumeno kwa oili chafu kutoka gereji. Jirani yangu ameiacha na sasa anatumia mafuta ya alizeti, tena anadai kwamba hata injini ya mashine inaweza kuwekewa mafuta hayo badala ya oili. Je, nimfuate? (Mpasua mbao, Mafinga)

JIBU: Ndugu msomaji, mfuate kwenye msumeno, lakini usimfuate kwenye injini. Mafuta ya mimea hulainisha vizuri sana yakiwa mapya, ila huzeeka upesi yakikaa muda mrefu kwenye joto na hewa.

Mafuta ya mnyororo hayarudi kwenye tangi. Pampu huyatoa kidogo kidogo, mnyororo huyabeba, kisha yote huishia kwenye unga wa mbao, udongoni na kwenye nguo zako, kwa hiyo hayapati muda wa kuzeeka. Alizeti ikidondoka ardhini huliwa na bakteria, ilhali oili hudumu humo kwa muda mrefu. Ndiyo maana Austria ilipiga marufuku mafuta ya madini, yaani oili itokanayo na mafuta ghafi, kwenye misumeno ya aina hii mwaka 1992. Oili chafu ni mbaya zaidi, kwa kuwa imebeba chembe za chuma zinazokwangua pampu, pamoja na masizi yenye kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi, nawe unaishika kutwa nzima.

Alizeti nayo ina kasoro zake. Ni nyepesi, hivyo hurushwa na mnyororo kwenye ncha. Ukiyachanganya na kiasi cha mafuta ya nyonyo, ambayo ni mazito mara kadhaa, yatashika vizuri zaidi. (Ukikamua nyonyo mwenyewe, mashudu yake usiwape mifugo, kwa sababu sumu ya mbegu hubaki humo.) Kasoro ya pili ni kuganda: tindikali ya linoleiki, sehemu ya mafuta iliyojaa kwenye alizeti ya kawaida, hunasa oksijeni na kugeuka ulimbo, na msumeno uliolazwa wiki kadhaa bila kusafishwa unaweza kukutwa mnyororo umenata. Kabla ya kuuhifadhi, ondoa mafuta kwenye tangi, kisha usugue mnyororo kwa mafuta ya taa. Tumia alizeti iliyochujwa vizuri, wala si masalia ya kukaangia chipsi, ambayo yana maji, chembe za vyakula na tindikali. Mawese yaache kabisa, kwani baridi ya kwenu huyagandisha.

Sasa injini. Humo mafuta yale yale huzunguka kwa mamia ya saa, na karibu na ringi za pistoni joto hupita nyuzi 200 za Selsiasi. Alizeti ikiwekwa hapo itakuwa nzito, kisha itageuka utando mgumu utakaokwamisha ringi na kuziba njia za oili. Huenda jirani yako amesikia kwamba injini za ndege nyingi za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia zililainishwa kwa mafuta ya nyonyo, na hilo ni kweli: injini hizo za mzunguko, ambazo silinda zake zilizunguka pamoja na panga, zilipitisha petroli ndani ya kasha la ekseli, na nyonyo ilipendwa kwa sababu haiyeyuki kwa urahisi kwenye petroli. Lakini mafuta hayo yalitoka pamoja na moshi na kumrukia rubani usoni, wala hayakurudi kufanya kazi mara ya pili, sawa kabisa na ya msumeno wako. Yapo mafuta ya injini yanayotengenezwa kutokana na mimea, ila hayo yamebadilishwa kiwandani na kutiwa dawa za kuzuia kuzeeka. Si yale ya dumu la jikoni.

Kwa hiyo injini yako iendelee kupata oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu chake, na beringi za kinu zipate grisi kama kawaida.