Seli za kinga za ubongo: tuzizime au tuziache?

Swali: Daktari habari, mama yangu ana Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na nimesoma kwamba seli za kinga za ubongo wake mwenyewe ndo zinamharibu. Kama ni hivo si bora zizimwe? Nikimpa ibuprofeni, ile dawa ya maumivu na uvimbe, kila siku itasaidia?

Jibu: Pole sana kwa kuuguza. Ibuprofeni ya kila siku usimpe, kwa umri wake inaweza kumletea vidonda vya tumbo na kuumiza figo, alafu dawa ya jamii hiyohiyo, naproksen, ilishajaribiwa kwa wazee ili kuzuia Alzheimer na haikuzuia.

Seli zenyewe zinaitwa mikroglia. Zina mikono myembamba inayopapasa muda wote, mwaka 2005 watafiti walizitazama kwenye ubongo wa panya aliye hai wakakuta hazitulii kabisa. Kwenye Alzheimer protini ya amiloidi inagandamana inakuwa mabonge, sasa ukiweka kipande cha ubongo huo chini ya maikroskopu unaliona bonge katikati na mikroglia zimelizunguka zimelikumbatia, na pale zilipobana vizuri neva za jirani zinaumia kidogo kuliko pale palipobaki wazi. Hapo zinamlinda mgonjwa.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni wa jeni. Mikroglia zina kipokezi kinaitwa TREM2, ndo kinachozisaidia kutambua uchafu na kuufuata. Mwaka 2013 ikagundulika kwamba wenye hitilafu fulani inayokidhoofisha kipokezi hicho, hatari yao ya kupata Alzheimer inapanda kama mara 3 hivi. Kwa hiyo ukizizima unaweza ukawa unaongeza tatizo lenyewe.

Ila ulichosoma si uongo. Zikikaa vitani miaka na miaka zinamwaga kemikali za uvimbe mfululizo, na zinaanza kula sinapsi, yaani pale neva zinapopeana taarifa, na kumbukumbu inategemea hapo. Kwa panya hilo limeonekana hata kabla mabonge hayajatokea, na kwangu mimi hii ndo sehemu inayoumiza zaidi.

Ndo maana dawa kama lekanemabu, iliyopewa kibali kamili Marekani 2023, haizizimi: inashika amiloidi ili mikroglia ziile. Ni ya hatua za mwanzo tu na inahitaji picha za ubongo (MRI) za mara kwa mara kwasababu inaweza kuvimbisha ubongo au kuvujisha damu.

Kama ulishaanza kumpa ibuprofeni mwambie daktari wake ameinywa siku ngapi, na ukiona choo cheusi mpeleke hospitali siku hiyohiyo.