Vinyama vya puani: kwa nini huota tena?

Nimeambiwa nina vinyama vya puani. Ni saratani?

Kwa kawaida si saratani. Ni utando wa ndani wa pua na wa sainasi (mashimo ya hewa ndani ya mifupa ya uso) uliovimba muda mrefu, ukajaa majimaji na kuning'inia kama zabibu iliyomenywa. Kikiguswa hakiumi, kinachosumbua ni pua kuziba na kutosikia harufu. Ila kikiota upande mmoja tu, au kikitoa damu, muone daktari wa masikio, pua na koo mapema.

Nimepasuliwa mara mbili na vimerudi. Nimekosea wapi?

Hujakosea popote, na naomba uache kujilaumu. Upasuaji huondoa kinyama, lakini utando uliokiotesha unabaki, na utando huo una kumbukumbu.

Karibu seli zako zote zina DNA ileile, yaani maandishi ya urithi yanayoelekeza kazi za mwili. Zinatofautiana kwa jeni, yaani vipande vya DNA vyenye maelekezo, zinazosomwa na zilizofungwa. Alama ndogo za kemikali, kama methili, hubandikwa kwenye DNA bila kugusa mpangilio wa herufi zake. Nyingine hukaa kwenye histoni, protini ambazo DNA imezizunguka kama uzi kwenye bobini ya cherehani: uzi ukilegea jeni husomeka, ukikazwa hunyamaza. Elimu ya alama hizi ndiyo epigenetiki, na katika vinyama vya puani zimeonekana kuwa tofauti na za pua yenye afya.

Mwaka 2018 watafiti nchini Marekani walionyesha kuwa seli za msingi za vinyama, zile zinazozaa utando mpya, hubeba kumbukumbu ya IL-4 na IL-13, jumbe mbili za kinga zinazochochea uvimbe. Kwa hiyo hata utando mpya unazaliwa ukiwa umeelekea kuvimba.

Wanangu watarithi?

Hatari huongezeka kiasi kwenye familia zenye tatizo hili, lakini alama nyingi za epigenetiki hufutwa mimba inapotungwa.

Kuna dawa ya kuzifuta?

Kwa vinyama vya puani, bado haijaidhinishwa. Zilizopo hutuliza uvimbe: steroidi ya kupuliza, kuosha pua kwa maji ya chumvi na, kwa ugonjwa mkali, sindano ya dupilumab, iliyoidhinishwa Marekani kwa vinyama hivi mwaka 2019, ambayo huziba njia ya IL-4 na IL-13. Ukivuta sigara, acha. Moshi nao hubadilisha alama za methili.

Usiache dawa ya kupuliza kwa sababu tu pua imefunguka. Na unapopuliza, inamisha kichwa kidogo, uelekeze ncha upande wa sikio, mbali na ukuta wa katikati ya pua.