Wasomaji Wanauliza: Povu la Ziwani, Sabuni ya Mawese na Harufu Inayotoroka

Toleo hili tumeligawia wanaonyoa ndevu kwa brashi, wembe wa usalama na sabuni za kunyolea zinazotengenezwa kwa mikono. Barua nyingi zimetoka Kigoma na Tabora.

Habari za kazi, wahariri. Ndugu yangu amenitumia kikopo cha sabuni ya kunyolea kutoka Marekani. Ukifungua kifuniko inanukia vizuri mno, lakini ikifika usoni povu linakuwa la mapovu makubwa, linakauka upesi, na harufu huisikii tena. Brashi ni nzuri. Maji nachota ziwani. Kosa liko wapi? — Msomaji, Katonga, Kigoma

Sabuni yako haina kosa, ndugu. Kinachokusumbua ni maji. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi yaliyoyeyuka, na zaidi ni magnesiamu. Sabuni ikikutana na magnesiamu, sehemu yake hugeuka kuwa utando mweupe usioyeyuka, ule unaouona umeganda ukingoni mwa bakuli. Sabuni iliyobaki ndiyo inayotoa povu. Kwa hiyo kiasi kinachomtosha mtu anayetumia maji ya mvua kwako hakitoshi, na kwa kuwa harufu imo ndani ya sabuni, povu lenye sabuni kidogo hunukia kidogo.

Usihangaike kuyachemsha. Kuchemsha husaidia pale ambapo chokaa ndiyo iliyozidi, maana hiyo huganda kwenye birika na maji yakabaki laini kidogo. Magnesiamu ya ziwani nyingi hubaki majini hata yakichemka. Na magadi, ambayo wengine hutia kwenye maji ya kufulia, usiyapeleke usoni, yanachubua.

Dawa nyepesi ni maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi. Acha mvua ya dakika kumi za mwanzo ioshe vumbi, kisha kinga. Kunyoa mara moja hakumalizi hata nusu lita ya maji ya kutengenezea povu, hivyo dumu moja la lita 20 ni akiba kubwa. Kunawa unaweza kunawa na ya ziwani. Ukitaka kujithibitishia, chukua chupa mbili za nusu lita, jaza kila moja nusu, moja maji ya mvua, nyingine ya ziwa. Kwangua vipande viwili vya sabuni vilivyo sawa, kila kimoja kama punje ya mchele, tia, tikisa sana. Utaona tofauti kabla hujaziweka chini.

Kiangazi akiba ikiisha, ongeza sabuni. Lowesha brashi kwa maji ya uvuguvugu (ya nywele za nguruwe dakika tano, ya nyuzi bandia haihitaji kusubiri), kisha ikung'ute mara tatu hadi iache kudondosha. Weka kijiko cha chai cha maji juu ya sabuni, acha dakika moja, mwaga. Sasa zungusha brashi juu ya sabuni. Kwa maji laini sekunde 20 hadi 30 zinatosha. Kwa maji ya ziwani nenda mpaka sekunde 60, usiache hadi ncha za brashi zijae uji mzito usio na mapovu. Hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema. Hamia kwenye bakuli au usoni, ongeza maji nusu kijiko cha chai kwa kila mara, koroga, ongeza tena. Jumla vijiko viwili hadi vitatu. Povu lililoiva linang'aa kama mtindi mzito, mapovu yake hayaonekani kwa macho, na ukilisugua kati ya vidole viwili linateleza. Likionekana kavu, lina kiu: ongeza maji. Likitiririka shingoni, sabuni ilikuwa kidogo, na kuongeza maji hakutaliokoa. Rudi kwenye kikopo.

Utatumia kama gramu moja na nusu kila unaponyoa, badala ya gramu moja. Kikopo cha gramu 100 kitakufikisha mara 60 na kidogo.

Nina sabuni mbili, ya limau na ya msandali. Nilizinunua siku moja. Ya limau sasa hainukii kabisa, ya msandali iko vilevile. Nimeuziwa limau feki? Nazihifadhi dirishani bafuni. — Msomaji, Isevya, Tabora

Hapana. Limau, chungwa na ndimu ni harufu nyepesi. Huruka kwanza, na jua la dirishani Tabora huzifukuza upesi zaidi. Msandali, pachuli, vetiva na ubani ni nzito, hung'ang'ania. Fundi mzuri hulichanganya limau na kitu kizito cha kulishikilia chini, lakini hata hivyo halimalizi mwaka. Sabuni za jamii ya limau zinunuliwe kwenye vikopo vidogo na zitumike mapema. Tena limau lililokaa wazi hubadilika likikutana na hewa, na likibadilika linaweza kuwasha ngozi kuliko lilipokuwa jipya.

Ziondoe dirishani leo. Baada ya kunyoa acha kikopo wazi kikauke, saa chache kivulini, ndipo ufunike. Kufunika sabuni mbichi huizalia ukungu, kuiacha wazi siku zote huipotezea harufu. Ukiona sabuni yenye vanila imegeuka kahawia, usiitupe, hiyo ni tabia ya vanila.

Kuhusu kuchagua: kunusa sabuni kavu dukani hudanganya. Baadhi ya harufu hulala kwenye kikopo zikaamka kwenye povu la moto, nyingine hufanya kinyume. Kama unapenda ile harufu ya vinyozi wa zamani wa Ulaya, tafuta sabuni yenye lavenda, kumarini (harufu ya nyasi kavu) na kuvumwani wa mwaloni (oakmoss). Ni familia ya harufu iitwayo fougère, iliyopata jina kutokana na manukato ya Fougère Royale, yaliyotolewa na nyumba ya Houbigant ya Paris mwaka 1882, na mafundi wa sabuni hawajachoka kuirudia. Tabac, chapa ya Ujerumani ya mwaka 1959, ina harufu ya poda na maua zaidi. Mtu huipenda au huichukia. Mentholi nayo hutajwa kama harufu, ila kazi yake hasa ni ubaridi. Kwa joto la Oktoba la Tabora hatuna ubishi nayo.

Na ubadilishe. Pua ikizoea harufu moja kila siku huacha kuisikia, hapo mtu hudhani sabuni imekufa.

Natengeneza sabuni za miche kwa mawese, nauza hapa Ujiji. Wateja wanaume wananiuliza ya kunyolea yenye harufu. Nikiongeza manukato kwenye mche wangu si inatosha? — Mama mjasiriamali, Ujiji

Haitoshi, dada. Mche wa kufulia umetengenezwa uondoe mafuta. Ya kunyolea inatakiwa ifanye povu zito linalobaki usoni dakika tano. Tofauti ni mbili. Kwanza, asidi ya stiariki, ambayo ni mafuta magumu meupe, ichukue karibu nusu ya mafuta yote. Ndiyo inayolifanya povu liwe zito. Pili, kostiki soda peke yake hutoa sabuni ngumu inayochelewa kuyeyuka, hivyo sehemu kubwa iwe kostiki potashi.

Kwa nusu kilo ya mafuta pima hivi, kwa mizani ya dijitali na si kwa kikombe: asidi ya stiariki gramu 250, mawese 125, mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, 75, mafuta ya nyonyo 50. Kostiki potashi yenye usafi wa asilimia 90 gramu 75, kostiki soda gramu 20, maji ya mvua gramu 250. Mwishoni gliserini gramu 25 na manukato gramu 10 hadi 15. Vipimo hivi vinaacha mafuta kidogo yasiyoliwa na kostiki, ndiyo kinga ya ngozi. Ukibadilisha mafuta yoyote, hata kupandisha mise kwa gramu 50 tu, kostiki ipigwe hesabu upya. Mise ikizidi sana utapata mapovu makubwa ya kupendeza na uso uliokauka.

Vaa glavu na miwani, fanyia kazi penye hewa, watoto wawe mbali. Tia kostiki kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki. Huchemka na kuruka. Sufuria iwe ya chuma cha pua. Sufuria zetu za alumini huliwa na kostiki na kutoa gesi inayoshika moto. Kostiki ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka.

Yeyusha mafuta yote pamoja na stiariki, sufuria ikiwa ndani ya sufuria kubwa ya maji yanayochemka, hadi nyuzi 75 au 80. Chini ya 70 stiariki huanza kuganda na kuacha punje. Mimina maji ya kostiki taratibu huku unakoroga kwa mwiko imara. Usishtuke: itashikamana papo hapo kama ugali ulioachwa, maana stiariki haisubiri. Endelea kuiponda, funika, iache kwenye maji ya moto saa moja hadi mbili, ukigeuza kila robo saa. Iliyoiva huwa laini, inapitisha mwanga kidogo kama mafuta ya mgando. Tone la fenolfthalini, dawa ya kupimia kostiki iliyobaki, likibaki bila rangi au pinki hafifu, kostiki imekwisha. Likiwaka pinki kali, rudisha motoni.

Epua, tia gliserini, ngoja ipoe chini ya nyuzi 60, ndipo utie manukato. Ukiyatia sufuria ikiwa inafuka umenukishia jikoni. Gandamiza kwenye vikopo bila kuacha mifuko ya hewa na uache wiki mbili. Utapata vikopo saba hadi vinane vya gramu 100.

Mawese mekundu yataipa sabuni rangi ya manjano na harufu yake mwenyewe, ambayo lavenda haiwezi kuifunika. Mchaichai inaweza, na karafuu pia, ila mafuta ya karafuu yasizidi gramu 3 kwa kipimo hiki, yakizidi yanachoma. Kabla ya kuanza kuuza, fika SIDO (shirika la viwanda vidogo) mkoani uulize utaratibu wa alama ya TBS (Shirika la Viwango). Bidhaa inayopakwa usoni haiuzwi kienyeji.

Shikamooni? Hapana, ninyi ndio mnipe hiyo, nina miaka 71. Kila nikinyoa na sabuni hizi za harufu shingo inawaka na kutoa vipele. Mjukuu anasema niache harufu. — Mzee, Kanyenye, Tabora

Shikamoo, mzee wetu. Kabla hujamsikiliza mjukuu, tenganisha mambo mawili. Paka povu upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, acha dakika tano, suuza, angalia kwa siku mbili. Pakiwasha au kuwa pekundu, mjukuu ana haki: tafuta sabuni isiyo na manukato, na ujihadhari hasa na mdalasini, karafuu na mchaichai. Pakitulia, mwenye kosa ni wembe.

Ndevu zetu zimejikunja. Zikikatwa chini ya usawa wa ngozi, ncha hurudi ndani na kuzaa kipele. Wembe wenye makali matatu au matano huzivuta kabla ya kuzikata, ndiyo maana unazizamisha. Tumia wa makali mamoja. Pitisha vidole shingoni ujue ndevu zinalalia wapi. Shingoni mara nyingi hulala upande, si kwenda chini. Fuata ulalo huo, mara moja tu, mpini ukiwa kama nyuzi 30 kutoka usoni, bila kuvuta ngozi wala kukandamiza. Hutakuwa mlaini kama mtoto, na ndilo lengo. Badilisha wembe baada ya kunyoa mara nne. Ukimaliza kunyoa, chukua jiwe la shabu lililoloweshwa, lipitishe kwa wepesi, suuza baada ya dakika moja. Vipele vyenye usaha usivinyoe. Vipumzishe wiki mbili tatu, na visipopungua mwone daktari wa ngozi.

Brashi yangu inanuka kama mnyama aliyenyeshewa. Niioshe kwa nini? — Msomaji, Kasulu

Ikiwa mpya ya nywele za nguruwe, ni kawaida. Itengenezee povu la sabuni yenye harufu kali, iache nalo usiku mzima, suuza, rudia mara tatu. Ikiwa ya zamani, haikauki: suuza hadi shinani, ikung'ute, itundike ncha zikitazama chini.

Hapa kwetu asali na nta ni tele. Zinafaa kwenye sabuni ya kunyolea? — Kikundi cha wafugaji nyuki, Sikonge

Asali ndiyo, kwa adabu: kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo ya mafuta, iyeyushwe kwenye maji kidogo na kutiwa mwishoni pamoja na gliserini. Ikitiwa mapema, sukari yake huungua na sabuni kuwa kahawia. Msitegemee inukie asali, inalainisha tu. Nta hapana, sehemu yake kubwa haigeuki sabuni na inaua povu. Itumieni kwenye mafuta ya kupaka baada ya kunyoa: nta sehemu moja, mafuta ya nyonyo au ya alizeti sehemu nne, yeyusheni juu ya maji ya moto, mimineni kwenye vikopo vyenye upana wa kuingiza kidole.