Kompyuta Ilisema Haina Tatizo

Shemeji yangu ndiye aliyenishtua. Alipiga saa tatu usiku, anacheka: "Shem, umeanza lini biashara ya bitcoin?" Kufungua Facebook, nakuta picha yangu juu ya tangazo la kuzidisha hela mara tatu kwa siku moja, na watu wawili ninaoheshimiana nao wameshauliza watume wapi.

Kilichonichanganya ni kwamba nilishaweka ulinzi wa hatua mbili, na hakuna namba yoyote ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu. Huyu mwizi kapitaje?

Alipitia sebuleni, kwenye kompyuta ya mezani. Wiki hiyo mpwa wangu alishusha programu ya kukreki Office, yaani kuitumia bila kulipia, ili amalizie ripoti yake ya fildi. "Anko, maelekezo yalisema uzime antivairasi kwanza." Akazima. Sikumfokea sana; enzi zangu nami nimekreki vingi.

Nikachomoa waya wa intaneti. Programu ya kijasusi bila intaneti ni kama mmbea aliyeishiwa salio, ana habari zote ila hana pa kuzipeleka. Kwa upande wangu nilikuwa nimeshachelewa, lakini chomoa tu.

Nikafungua Windows Security, antivairasi inayokuja na Windows yenyewe, nikaiamuru ikague diski nzima. Ikamaliza, ikaleta alama ya kijani: hakuna tishio. Wengi huishia hapo, na mimi nusura niishie. Lakini mpango wa kuzima antivairasi ulikuwa unaniwasha kichwani. Nikaingia Virus & threat protection, nikabonyeza Manage settings, nikashuka hadi chini kabisa kwenye Exclusions. Hiyo ni orodha ya vitu ambavyo mkaguzi ameagizwa asivikague. Mimi sijawahi kuweka kitu pale. Nikakuta mstari mmoja: C:\. Yaani diski yote! Mlinzi yuko getini, anakunywa chai, na kaambiwa asigeuke kuitazama nyumba.

Nikaufuta, kisha kwenye Scan options nikachagua Microsoft Defender Offline. Hii huizima kompyuta na kuiwasha upya, ikafanya ukaguzi kabla Windows yenyewe haijaamka, hivyo mdudu hapati muda wa kujificha. Huchukua kama dakika 15. Safari hii wakanaswa watatu. Task Manager, upande wa Startup wenye orodha ya programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta, ikanionyesha jina jingine nisilolijua, na kwenye kivinjari kulikuwa na kiendelezi (kiprogramu cha ziada) cha kugeuza PDF ambacho hakuna mtu nyumbani aliyekiri kukiweka. Vyote nje.

Sasa pasiwedi, na hapa ndipo watu huumia mara ya pili. Usizibadilishe kwenye kompyuta hiyohiyo, utakuwa unamkabidhi mwizi funguo mpya. Mimi nilitumia simu. Tena kubadilisha peke yake hakutoshi. Wadudu wa jamii ya RedLine, ile ambayo polisi wa Uholanzi na wenzao walizinasa seva zake Oktoba 2024, huchota pasiwedi zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi. Kidakuzi ni kifaili kinachoiambia tovuti kwamba umeshaingia; ni kama muhuri unaogongwa mkononi mlangoni mwa ukumbi wa muziki: ukishakuwa nao, hakuna anayekuuliza tiketi. Ndiyo maana namba ya uthibitisho haikuja. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya akaunti, tafuta orodha ya vifaa vilivyoingia, na uviondoe vyote, hata vyako. Anza na barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayorudisha akaunti nyingine zote, na hakikisha hakuna aliyeitega ipeleke nakala kwa anwani ya mtu mwingine. Kisha benki.

Pamoja na hayo yote, bado sikuiamini ile kompyuta. Jumamosi nikahamisha picha na nyaraka tu, sikugusa faili hata moja la kusakinishia programu, nikaandaa flashi ya Windows kwenye kompyuta ya jirani na kuifomati hii yangu. Ilinila mchana mzima. Angekuja fundi angenifanyia hivyo tangu siku ya kwanza, ila nisingejua kamwe habari ya ule mstari.

Mpwa sasa anatumia LibreOffice, mbadala wa Office, bure kabisa, na antivairasi haijaguswa. Ripoti ameimaliza, ingawa bado analalamika kwamba majedwali yake yanahama akilifungua faili kwenye kompyuta za chuo.