Mdogo wako ana mimba na anatumia unga, msimfungie ndani

Pole sana dada, umesema mdogo wako ana mimba ya miezi mitano, anavuta unga (heroini), na mama anataka kumfungia chumbani mpaka arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, iishe. Aisee msifanye hivyo! Najua mama ana uchungu ila kukata heroini ghafla na mimba ni hatari, inaweza kuleta uchungu wa kuzaa kabla ya wakati au hata mimba kutoka, mtoto naye tumboni anapata arosto ileile. Mpelekeni kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini ili arosto isimshike, Muhimbili ya Dar wanatoa tangu 2011, Mwananyamala na Temeke pia zipo, dawa ni bure, anakunywa kila siku mbele ya nesi. Kliniki ya wajawazito aende vilevile, apime na VVU, na wakunga awaambie ukweli wote, wasije wakashtukizwa siku ya kujifungua, maana mtoto anaweza kuanza kutetemeka, kulia sauti kali, kushindwa kunyonya, na hii mara nyingi huja ndani ya siku 3 za kwanza baada ya kuzaliwa, hata kwa aliyekunywa methadoni, ila inatibika, so msikimbilie kutoka wodini. Sigara nazo apunguze jamani, watu wanazisahau. Akiona damu au mtoto hachezi, usiku huohuo hospitali.