Kuumwa ugonjwa wa kudumu ukiwa kazini: ED (karatasi ya daktari ya kupumzika kazi) peke yake haikusaidii

Mkuu pole. Nimekusoma mara mbili: una kisukari cha kuchoma insulini, uko kiwandani, shifti zinazunguka, muda wa kula supavaiza anaupanga anavyojisikia, na unauliza umwambie daktari wa kampuni au ukaushe tu mpaka mkataba uishe Desemba. Mi sio daktari wala mwanasheria, ni mgonjwa wa sikoseli tangu mtoto, na hilo swali lako nimeliishi miaka kama miwili hivi kabla sijapata akili.

Nilianza kazi ya stoo kwenye ghala la vyakula vya kugandisha hapa Dar, kuku, samaki, vitu hivyo. Siku ya kupima afya ya kuanzia kazi nikapewa fomu, kuna sehemu imeandikwa magonjwa ya kudumu, nikapiga kistari nikasepa. Njaa mbaya. Sasa fikiria mtu wa sikoseli, baridi ndo adui yake namba moja, anaingia koldrumu la nyuzi joto hasi 18. Makoti yalikuwa machache kuliko watu, ukichelewa unavaa lililotoka kuvuliwa na mwenzio bado lina unyevu wa jasho lake, na glavu zangu za kulia zilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, hilo gumba ndo lilikuwa linaanza kuuma kabla ya kitu kingine chochote, halafu yanashuka kwenye miundi, halafu mgongo. Chupa ya maji hairuhusiwi ndani ya stoo. Kwa mtu wa kawaida sio ishu, ila kwetu sisi damu ikikosa maji na mishipa ikasinyaa kwa baridi zile seli zinajipinda zinaziba njia, basi hapo unaita mama.

Nikawa napata maumivu makali karibu kila mwezi. Naenda hospitali, dripu, sindano, ED siku tatu, narudi. Na shida ikawa nilikuwa naumwa mwisho wa mwezi tu. Supavaiza akasema wazi mbele ya watu kwamba huyu bwana akishapokea mshahara anaumwa, na wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka nao maana ningefanyaje. Nikala barua ya onyo.

Aliyenifungua macho ni nesi wa kliniki, mama mtu mzima, alikuwa anajaza kadi yangu akasimama akaniuliza, "Mwanangu, tarehe 29, tarehe 30, tarehe 28, tarehe 30. Mwisho wa mwezi huwa unafanyaga nini?" Nikamwambia tunahesabu mzigo. Wapi? Ndani ya koldrumu, masaa manne hadi matano. Akaniangalia tu. Yaani miezi yote hiyo kazi ndo inaniumiza, mi naonekana naikimbia.

Daktari akaniandikia barua, light duty. Nikaipeleka kwa furaha. Wakanitoa kwenye kubeba wakaniweka kwenye kiti nitiki karatasi za mzigo, kiti chenyewe kiko mlangoni mwa koldrumu kwa ndani! Kazi nyepesi kweli, huwezi kuwalaumu, barua si imesema nyepesi. Wiki ya pili nikalazwa.

Hapo ndo nikajua daktari hajawahi kuiona kazi yako, anaandika anachokijua. Safari iliyofuata nilienda na ratiba ya shifti, nikamwelezea koldrumu, kuhesabu, chupa ya maji, zamu za usiku. Barua ya pili haikuwa hata na neno sikoseli, ilisema mfanyakazi huyu asikae kwenye baridi kali zaidi ya dakika 15 kwa mara moja, awe na maji ya kunywa muda wote, asipangiwe usiku mfululizo, apewe ruhusa ya kliniki tarehe zake. Hiyo supavaiza hawezi kuitafsiri anavyotaka. Kopi moja nikagongewa muhuri wa imepokelewa, nikaitunza nyumbani.

Pia tulikuwa na vile vipimo vya OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, vya kupuliza mrija, masikio, macho, presha. Watu wengi wanavichukulia kama usumbufu wa kupanga foleni, lakini yule mtu wa afya mahali pa kazi ndo mtu pekee hapo ambaye kazi yake ni kuangalia kama mwili wako na hiyo kazi vinaendana. Safari hii nikamweleza ukweli. Akaandika nafaa kwa kazi ila kwa masharti. Kile kikaratasi kilikuwa na nguvu kuliko ED zangu zote.

Kikao cha HR niliingia na mwakilishi wa tawi la chama cha wafanyakazi. HR akaniuliza kwa nini nilipiga kistari kwenye fomu. Sikuwa na jibu, na nakuambia ukweli hapo alinishika pabaya, kwa hiyo kama we ulificha jiandae na hilo swali. Akasema pia siku zangu za kuumwa zimeisha, wakati sheria ya ajira ya 2004 inatoa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu, ila uwe na cheti cha daktari. Na kanuni za 2007, GN 42 (tangazo la serikali namba 42), zinataka mwajiri kabla hajakuachisha kwa sababu ya afya aangalie kwanza kama kazi inaweza kubadilishwa. Mwakilishi aliyasema hayo taratibu bila kelele, kikao kikapoa. Nikahamishiwa mapokezi ya mzigo nje. Posho ya usiku ikaondoka, sikufichi, nyumbani tuliisikia.

Sasa wewe. Kukausha kwenye insulini ni hatari kuliko kwangu, maana sukari ikishuka ukiwa kwenye mashine hamna wa kukuelewa, watasema umelewa. Mwambie daktari wa kampuni, ila usiende na neno kisukari tupu. Nenda na barua inayosema muda wa kula usibadilishwe, uruhusiwe kusimama upime na ule kitu sukari ikishuka, upate sehemu safi ya kuchoma, na insulini isikae kwenye loka la bati linalowaka jua. Mtu mmoja wa zamu yako ajue akuwekee soda karibu. Kuhusu Desemba, mkataba wa muda ukiisha umeisha, hiyo ni kesi ngumu kidogo, lakini wakikuachisha kabla, una siku 30 tu za kwenda CMA, ile tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, usikae nyumbani ukisubiri huruma.

Kwa kuanzia, chukua daftari, andika kila siku uliyoshuka sukari mwezi huu na shifti uliyokuwepo na saa uliyokula. Zilete hapa tuzisome pamoja kabla hujaenda kwa daktari.