Kwa wanaoshika bunduki ya povu kwa mara ya kwanza

Wadogo zangu, juzi nilimwona mmoja wenu akisukuma povu chini ya jamvi la baraza, yaani bamba la zege lililozama, ili kulinyanyua, huku jicho moja likiwa kwenye simu, na tumbo likanikata kana kwamba triga nimeishika mimi. Kila msimu wa kazi hapa Ohio huleta vijana wapya na makosa yale yale, basi afadhali niyaandike.

1. Kabla ya kutoboa, fuateni maji ya paa hadi yanakotokea. Jamvi huzama kwa sababu udongo wa chini haukushindiliwa vizuri au umechukuliwa na maji, na mara nyingi maji yenyewe ni ya gata.

Hili nililijua kwa mdomo tu. Katika mwaka wangu wa pili tulitumwa kwa bibi mmoja ambaye njia yake ya gari ilikuwa imezama inchi mbili, hatua chache kutoka barabarani. Alama za 811, namba inayopigwa Marekani kabla ya kuchimba ili watu waje kuchora yaliyopita chini ya ardhi, zilikuwepo, nami nikaziamini kupita kiasi, nikasahau kwamba wale huchora njia za makampuni ya gesi, umeme na maji, ilhali bomba binafsi la mwenye nyumba haliwahusu. Nikatoboa matundu manne, nikasimamisha leza ya kupimia kimo cha jamvi, nikapiga povu. Jamvi halikusogea. Nikaongeza, halikusogea. Mwenye akili angesimama. Mimi nilijiambia kuwa pango la chini ni kubwa, na nikajiona fundi hodari kwa kulijaza. Kaunta ya mashine ilikuwa imepita paundi 60 mtoto wa jirani aliponijia, akaniuliza kwa adabu kama ni kawaida ukingo wa barabara kutoa ulimi. Niligeuka nikauona: povu la manjano hafifu limechungulia kwenye tundu ambamo maji ya paa hutokea. Bomba la kale la udongo wa kuchoma lilikuwa limepasuka chini ya jamvi lile lile. Kwa miaka lilikuwa likiumeza udongo taratibu, na siku hiyo lilinimezea na povu. Tulikata zege, tukachimba, tukang'oa bomba na kuweka jipya, siku mbili nzima bila malipo. Bibi alituletea maji ya limau mara tatu, na wema wake uliniuma kuliko matusi ya msimamizi. Ndoo moja ya maji kwenye gata, na mtu mmoja wa kusubiri pale ukingoni, vingetosha kuniambia kila kitu.

2. Pigeni kidogo, ngojeni, tazameni leza. Povu huendelea kuvimba baada ya triga kuachiwa, na jamvi lililopitiliza halirudi chini hata ukilirukia. Kuna aliyelirukia, tena mbele ya mteja, na najua anasoma hapa.

3. Hozi iwe na joto kabla ya tundu la kwanza. Upande A na upande B, yaani vimiminika viwili vinavyochanganyika kuwa povu, huenda sawa kwa sawa kwa ujazo. Mmoja ukipoa na kuwa mzito, uwiano huvurugika na mnapata kitu kinachonata au kinachovunjika kama biskuti.

4. Barakoa ya pumzi si pambo la shingoni. Mwili ukishaikataa isosianati, kemikali ya upande A, hata harufu ndogo huweza kuleta pumu, na hapo kazi hii imekwisha kwako. Katika hili sina utani.

5. Povu hunyanyua, haliungi nyufa. Mwambieni mteja kabla hamjashusha hozi kwamba ufa utabaki na utazibwa kwa silikoni, maana mimi niliwahi kunyanyua baraza likakaa sawa kabisa, kisha nikasimamishwa nusu saa juani nikionyeshwa ufa ule ule kwa ncha ya mwavuli.

Na yule wa simu: kesho asubuhi ndoo ya kupima gata utaibeba wewe.